Mtaka Uzamili Sharti Ainame, Lakini Asitegwe

KILA mwaka vyuo vikuu vinapotangaza nafasi za masomo ya uzamili, watumishi wengi wa serikali na walimu huyasoma matangazo hayo kwa matumaini makubwa. Mwalimu wa historia aliyeshika chaki kwa miaka kumi na miwili hutaka kusomea usimamizi wa biashara. Afisa wa halmashauri aliyehitimu elimu ya jamii hutaka kusomea uchumi, ili aielewe vyema mipango anayotakiwa kuitekeleza kila siku. Wote wawili wanayo shahada ya kwanza, vyeti vyao ni halali, na waajiri wao wamekwisha kutia saini barua za ruhusa. Lakini jibu la chuo linapofika, huwa na aya moja zaidi chini ya pongezi: kwamba mwombaji amekubaliwa kwa sharti la kusoma na kufaulu kwanza hisabati, takwimu, misingi ya uchumi, na pengine uhasibu. Hapo ndipo furaha hugeuka kuwa manung'uniko.

Manung'uniko hayo yana sehemu mbili, na hapana budi zitenganishwe. Sehemu ya kwanza husema kwamba sharti lenyewe ni la uonevu, kwa kuwa mwenye shahada ni mwenye shahada. Hiyo si kweli. Sehemu ya pili husema kwamba namna sharti hilo linavyotangazwa, linavyofundishwa na linavyotozwa fedha humwumiza mtu asiye na kosa. Hiyo, mara nyingi, ni kweli. Wanaotaka masomo ya matayarisho yafutwe huitumia sehemu ya pili kuitetea ya kwanza. Na wale wanaoyatetea masomo hayo huitumia ya kwanza kuifumbia macho ya pili. Kwa njia hiyo kila upande hushinda mabishano, na mwalimu hubaki pale pale alipokuwa.

CHANZO CHA SHARTI

Watu wengi hudhani kwamba shahada ya uzamili ni ngazi inayofuata tu, na kwamba aliyekanyaga ngazi moja anaweza kukanyaga nyingine yoyote iliyo juu yake. Fikira hiyo huenda ikafaa kwa vyeo vya ofisini; kwa elimu haifai. Ghorofa ya pili hujengwa juu ya kuta za nyumba ile ile, haijengwi juu ya kuta za jirani hata zikiwa imara namna gani. Msomi wa fasihi ana kuta zake, na ni kuta za kujivunia. Lakini si kuta zinazoweza kubeba somo la uchumi wa ngazi ya juu.

Somo la uchumi lenyewe limebadilika sana. Alfred Marshall, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, alipotoa kitabu chake kikuu cha misingi ya uchumi mwaka 1890, aliziweka hesabu katika tanbihi na katika kiambatisho cha mwisho, ili mfanyabiashara na msomaji wa kawaida wasije wakakwama njiani. Mwaka 1947 Paul Samuelson wa Marekani alitoa kitabu ambacho ndani yake hisabati haikuwa tena mgeni wa barazani, bali ilikuwa mwenye nyumba. Tangu siku hizo masomo ya juu ya uchumi yamefuata njia hiyo ya pili. Mwanafunzi wa uzamili wa uchumi, katika majuma yake ya mwanzo tu, hukutana na kalkulasi, aljebra ya matriki na hesabu za uwezekano. Mhadhiri hazifundishi hesabu hizo. Huzitumia tu, kwa kuwa hudhani kila aliyeketi mbele yake anazijua. Asiyezijua huona herufi za Kigiriki zikipita ubaoni kama mvua ipitayo juu ya bati.

Shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara ina historia nyingine. Chuo Kikuu cha Harvard kilipoanza kuifundisha mwaka 1908, ilikusudiwa kwa watu waliokwisha kupata shahada ya kwanza, na ambao wengi wao hawakuwa wamesoma biashara. Ndiyo maana hata leo, katika vyuo vingi, sehemu yake ya kwanza hufundisha uhasibu, fedha na masoko tangu mwanzo. Lakini ulegevu ulipoingia, uligunduliwa. Mwaka 1959 zilitolewa nchini Marekani ripoti mbili, moja kwa fedha za Ford Foundation na nyingine kwa fedha za Carnegie Corporation, ambazo zote mbili zilivilaumu vyuo vya biashara kwa kufundisha mambo mepesi mno, na zikahimiza misingi iliyo imara zaidi ya uchumi, hisabati na takwimu. Vyuo vya huko vilitii, na mfano wao ukaenea katika nchi nyingine.

Tofauti ya shahada hizi mbili ni jambo ambalo mwombaji wa Tanzania anapaswa kulijua kabla hajajaza fomu. Anayeelekea kwenye biashara aweza kutosheka na majuma machache ya takwimu, uhasibu na aljebra ya kawaida, maana mengine atayakuta ndani. Anayeelekea kwenye uchumi, ikiwa hakusoma uchumi wala hisabati katika shahada yake ya kwanza, pengine atahitaji mwaka mzima. Kumwambia mtu huyo kwamba majuma sita yatamtosha ni kumdanganya. Na kumdai yule wa biashara mwaka mzima ni kumpotezea wakati.

Faida ya kuwa na msingi mmoja imekwisha kuonekana Afrika hii hii. Jumuiya ya utafiti wa uchumi ijulikanayo kwa herufi za AERC, yenye makao yake Nairobi, iliundwa mwaka 1988, na mwaka 1993 ikaanzisha mpango wa ushirikiano wa shahada ya uzamili ya uchumi. Wanafunzi wa vyuo vikuu mbalimbali, vikiwemo vya Dar es Salaam, Makerere, Malawi na Addis Ababa, walisoma masomo ya lazima vyuoni kwao, kisha wakakusanywa mahali pamoja kwa masomo ya kuchagua ambayo idara moja peke yake isingeyamudu. Darasa kama hilo lisingewezekana kama kila mmoja angefika na kipimo chake mfukoni. Marehemu Profesa Benno Ndulu, aliyefundisha uchumi Dar es Salaam, aliyepata kuiongoza jumuiya hiyo na ambaye kuanzia mwaka 2008 hadi 2018 alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, ni miongoni mwa waliofanya kazi ya kuujenga msingi huo. Si haki kwa kizazi kinachofuata kuubomoa kwa sababu tu kuupanda kunachosha.

HASARA YA MLANGO WA NYUMA

Wapo wanaosema kwamba hesabu hizi ni za wasomi wa vitabuni, na kwamba mtumishi wa wilayani hazihitaji. Hebu watazame mifano michache iliyo karibu na mlango wao.

Kijiji kina wakulima kumi. Tisa kati yao hupata shilingi 500,000 kila mmoja kwa msimu, na wa kumi, mwenye trekta na ghala, hupata shilingi 20,500,000. Ripoti inayopelekwa juu itasema, bila ya kusema uongo wowote, kwamba wastani wa pato la mkulima wa kijiji hicho ni shilingi 2,500,000. Afisa aliyefundishwa takwimu atauliza papo hapo: aliye katikati ya safu anapata kiasi gani? Asiyefundishwa atapanga michango ya maendeleo kwa kuufuata wastani huo, kisha atashangaa kwa nini wananchi tisa kati ya kumi wanaitwa wakaidi.

Mfano wa pili wanaujua walimu na watumishi wengi kwa machungu. Mtu hukopa shilingi 1,200,000 za kulipwa kwa miezi kumi na miwili, na huambiwa riba ni asilimia 20 tu, yaani shilingi 240,000. Hivyo atakatwa shilingi 120,000 kila mwezi. Riba hiyo imepigwa juu ya mkopo wote, kana kwamba mkopaji anakaa na fedha zote mwaka mzima. Lakini hakai nazo, kwa kuwa kila mwezi anazirudisha kidogo kidogo. Ukizipiga hesabu zake sawasawa, riba ya kweli inakaribia asilimia 35 kwa mwaka. Hesabu ya kuligundua jambo hilo imo katika kurasa za mwanzo za somo la fedha. Mwalimu asiyeijua hudhulumiwa peke yake. Afisa wa mikopo asiyeijua huwadhulumu wengi, na huenda asijue kwamba anadhulumu.

Mfano wa tatu ni wa mipango. Mradi unaahidi kuirudishia halmashauri shilingi 10,000,000 baada ya miaka mitano. Ikiwa fedha za halmashauri zingeweza kuzaa asilimia 10 kwa mwaka mahali pengine, basi ahadi hiyo leo haina thamani zaidi ya shilingi 6,210,000 hivi. Atakayetoa shilingi milioni nane za wananchi kuinunua ahadi hiyo, kwa kuwa milioni kumi ni nyingi kuliko milioni nane, amewatia hasara huku akishangiliwa.

Mtu wa namna hiyo akipewa shahada ya uzamili ya uchumi au ya biashara bila ya kupitia misingi, hasara haiishi kwake. Cheti kitamtangulia katika mikutano. Atapewa kiti cha mbele, na neno lake litakuwa la mwisho katika jambo asilolijua, na wale wanaolijua wataogopa kumsahihisha kwa sababu ya cheo chake. Wakati wa kuandika tasnifu atamtafuta mtu wa kumchambulia takwimu kwa malipo, na siku ya kuitetea atazisoma namba asizoweza kuzieleza. Elimu ya namna hiyo ni nguo ya kuazima: haisitiri matako. Ndiyo maana chuo kinacholifuta sharti la matayarisho kwa ajili tu ya kujaza viti na kukusanya ada hakimsaidii mwalimu. Humwuzia karatasi, na wananchi ndio wanaolipa chenji.

UZOEFU WA KAZI

Hoja nyingine hutolewa na watumishi wa siku nyingi: kwamba uzoefu wao uhesabiwe mahali pa masomo hayo. Hoja hii ina uzito, na nchi hii imewahi kuipima kwa vitendo. Katika Azimio la Musoma la mwaka 1974, iliamuliwa kwamba wanaomaliza sekondari wasiende chuo kikuu moja kwa moja, bali kwanza wafanye kazi kwa muda, na kwamba mapendekezo kutoka kazini yatazamwe katika kuwachagua. Baadaye masharti hayo yalilegezwa, na mengi yamesemwa kuhusu faida na hasara zake. Lakini jambo moja katika azimio hilo halikuzeeka: kwamba kazi nayo ni shule, na aliyepita humo huuliza maswali ambayo mtoto wa darasani hana.

Hata hivyo, azimio lile halikusema kwamba kazi inafuta masomo. Uzoefu uliongezwa juu ya elimu. Haukuwekwa mahali pake. Ndivyo inavyopasa kuwa hata leo. Mhasibu wa shule aliyetunza vitabu vya fedha kwa miaka kumi hana sababu ya kukalishwa tena katika somo la mwanzo la uhasibu. Apewe mtihani, akifaulu apite. Lakini miaka kumi ya kutunza vitabu haimfundishi mtu kalkulasi, kama vile miaka kumi ya kuendesha gari haimfanyi dereva kuwa mhandisi. Uzoefu upimwe kwa kila somo mbali mbali, usikubaliwe kwa jumla wala usikataliwe kwa jumla.

Mfano wa kufuatwa upo hapa hapa nchini. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ina utaratibu wa kuwasamehe watahiniwa baadhi ya mitihani yake, kwa kutazama masomo waliyokwisha kufaulu mahali pengine. Utaratibu huo hauishushi hadhi ya cheti cha uhasibu. Huokoa miaka ya watu. Vyuo vikuu vingefaa kuutazama kwa makini zaidi.

DENI LA TAIFA KWA WALIMU

Inafaa pia kuulizwa: kwa nini mwalimu wa historia au wa Kiswahili hana hisabati? Jibu halimo katika uvivu wake. Limo katika njia aliyopitishwa. Kijana wa kidato cha nne, akiwa na umri wa miaka kumi na saba hivi, huchaguliwa kwenda mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza, au wa Historia, Jiografia na Kiingereza. Tangu siku ile huagana na hisabati. Wengi huwa wamekwisha kuagana nayo mapema zaidi, katika darasa lenye wanafunzi wengi kupita kiasi na mwalimu mmoja wa hisabati, au pasipo na mwalimu kabisa. Kwa miaka mingi hisabati imekuwa somo ambalo watahiniwa wengi wa kidato cha nne hushindwa. Kijana huyo alikwenda chuo kikuu, akafuzu, akapangiwa shule, akafundisha. Taifa lilihitaji walimu wa masomo ya sanaa, naye akawa mmoja wao.

Leo, akiwa na miaka thelathini na mitano, analetewa hesabu ya uamuzi uliofanywa akiwa mtoto, na anaambiwa ailipe peke yake kutoka katika mshahara wake. Hapo ndipo haki inapopindika. Ikiwa njia ile ilikuwa ya taifa, basi na gharama ya kurudi nyuma kuchukua kilichosahauliwa haiwezi kuwa yake peke yake. Hii haina maana kwamba asisome. Ina maana kwamba asaidiwe kusoma, na asaidiwe bila ya kubezwa. Mtu aliyewafundisha watoto wa wengine hastahili kukaribishwa darasani kana kwamba ni mwanafunzi aliyerudia mwaka.

Jambo hili lina upande mwingine wenye manufaa kwa shule zenyewe. Mwalimu wa jiografia anayerudi kutoka katika masomo ya matayarisho akiwa ameelewa takwimu atawafundisha wanafunzi wake kuisoma grafu ya mvua kwa namna nyingine. Mkuu wa shule aliyejifunza uhasibu ataisoma taarifa ya fedha ya shule yake kabla ya kuitia saini. Hata kama hakufika kwenye uzamili, fedha iliyotumika kumfundisha haikupotea.

MTEGO ULIPO

Yanayostahili kulaumiwa, basi, ni haya. Kwanza, sharti la matayarisho katika baadhi ya vyuo halionekani katika tangazo; huonekana katika barua, baada ya ada ya maombi kulipwa na baada ya mtu kwisha kuaga kazini. Tangazo husema "shahada ya kwanza katika fani yoyote," na barua husema mengine. Chuo kisichosema mapema kinachokihitaji hakimpimi mwombaji, kinamtega.

Pili, masomo hayo hutozwa ada mbali na ada ya uzamili, na aliyeshindwa somo moja hulazimika kulipa tena. Haifai mtu yeyote apate faida kwa kushindwa kwa mwanafunzi, maana pakiwa na faida hapatakuwa na haraka ya kufundisha vizuri.

Tatu, ratiba hupangwa kana kwamba wanafunzi wote wanaishi mjini na hawana kazi. Vipindi vya jioni katika jiji ni rehema kwa karani wa wizarani. Kwa mwalimu wa wilaya ya mbali havina maana yoyote. Ruhusa ya masomo anayopewa mtumishi huhesabu miezi ya uzamili wenyewe. Miezi ya matayarisho haimo. Hivyo mwalimu huchagua moja kati ya mawili: aibe muda wa wanafunzi wake, au aache.

Nne, aliyefaulu masomo hayo, kisha akazuiwa na ugonjwa, msiba au ukosefu wa fedha asiendelee, hutoka mikono mitupu. Hana hata karatasi inayosema kwamba anajua takwimu. Akijaribu chuo kingine mwaka unaofuata, huanza upya kwa somo lile lile, kwa kitabu kile kile, kwa ada nyingine.

YAFAAYO KUTENDWA

Hakuna hata moja kati ya makosa hayo linalohitaji fedha nyingi kulirekebisha. Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, inayo mamlaka ya kusimamia ubora wa elimu ya juu. Ingefaa kila chuo kiagizwe kuandika katika tangazo lenyewe, kwa maneno yanayoeleweka, ni masomo gani ya msingi yanayotakiwa kwa kila shahada, ni ya kiwango gani, yatachukua muda gani, na yatagharimu kiasi gani. Mwenye kuyasoma hayo akiwa nyumbani ataamua akiwa huru. Na mwenye kuanza kujisomea mapema atafika akiwa nusu ya safari.

Aidha, vyuo vikubaliane juu ya muhtasari mmoja wa masomo hayo na kuheshimiana. Takwimu ya mwanzo haibadiliki kwa kuvuka mto. Aliyefaulu Mzumbe akubaliwe Dar es Salaam, na wa Dar es Salaam akubaliwe Dodoma, pasipo kutozwa tena. Na kila aliyefaulu apewe cheti kidogo kinachotaja somo na kiwango, hata kama safari yake itaishia hapo.

Masomo hayo yasogezwe karibu na watu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kina vituo mikoani na kina mazoea ya kumfundisha mtu akiwa kazini kwake. Vipo pia vituo vya walimu katika wilaya, ambavyo vingine hukaa kimya sehemu kubwa ya mwaka. Likizo za shule za mwezi Juni na Desemba zingetosha kwa vipindi vya ana kwa ana, na miezi iliyobaki ikawa ya mazoezi. Hisabati haihitaji maabara. Inahitaji ubao, daftari, mwalimu mvumilivu, na mtu wa kukosolewa naye.

Jambo la lugha nalo lisipuuzwe. Mwalimu aliyekwama katika kalkulasi mara nyingi amekwama mara mbili: katika hesabu yenyewe, na katika Kiingereza kinachoieleza. Mitihani ya uzamili huandikwa kwa Kiingereza, na hapana budi mwanafunzi akimudu. Lakini hakuna sheria inayokataza maelezo ya masomo ya matayarisho kuandikwa kwa Kiswahili. Anayeelezwa kwa Kiswahili kwamba kalkulasi hupima jinsi kitu kimoja kinavyobadilika kwa kila badiliko dogo la kitu kingine, kama vile gharama ya gunia moja zaidi, atalielewa wazo kwanza, kisha atalitafutia jina lake la Kiingereza bila ya taabu.

Kwa upande wa waajiri, miezi ya matayarisho ihesabiwe kuwa sehemu ya masomo katika mpango wa mafunzo wa kila idara na halmashauri. Mwajiri anayetaka mchumi akubali kumlipia mchumi tangu msingi, si tangu paa. Na ili mtumishi asiitumie ruhusa hiyo kupumzika, awekewe sharti la kufaulu kwa muda uliowekwa. Akishindwa bila ya sababu, arudi kazini kwake na nafasi ipewe mwingine. Atakayesaidiwa namna hiyo hatakuwa na la kunung'unikia.

Na mwombaji mwenyewe? Yeye naye anao wajibu wake. Asitafute chuo kinachomwahidi uzamili wa uchumi usio na hesabu, kwa maana hicho ni kisima kisicho na maji. Asione haya kukaa dawati moja na kijana aliyekuwa mwanafunzi wake. Ajiulize pia kama anautaka uchumi kweli, au anataka tu kupandishwa cheo. Ikiwa ni cheo tu, zipo shahada za uzamili katika elimu, lugha na utawala zitakazomfaa yeye na kuifaa nchi zaidi. Lakini ikiwa ameuliza moyoni mwake kwa nini bei ya mahindi hupanda wakati ghala la jirani limejaa, na swali hilo likamkosesha usingizi, basi huyo ndiye anayetakiwa, na miezi michache ya aljebra isimtishe.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu wa historia na afisa wa halmashauri wako tayari kuinama. Wengi wao hawakulelewa katika maisha ya kunyooka. Wanachokidai ni kidogo, nacho ni cha haki: waambiwe mapema kwamba mvungu ni mfupi, kilichomo kiwemo kweli, na mwenye kitanda asiwatoze ada ya kuinama.